Kozi ya useremala na fremu za nyumba: penseli wameifundisha, paa wamelipitia juu juu

Tangu nimalize kozi ya useremala wa msingi na fremu za nyumba, yaani mifupa ya mbao ya kuta, sakafu na paa, ninaulizwa swali lile lile: je, ni ya kulipia ada? Nikijibu kwa mdomo naishia kusema "inategemea", na jibu hilo halijamsaidia mtu. Basi naandika. Chuo chenyewe sitakitaja, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia, na fundi aliyetufundisha bado yumo karakana ile ile na wanagenzi wengine.

Kwa mwenye haraka: kuta nawapa nyota tano, sakafu nne, usalama nne, paa mbili. Vitini nyota moja, na hiyo ni ya karatasi tu.

Mimi nilitoka kwenye ukarani wa hesabu. Darasani nilikuwa na vijana waliokwisha kubeba mbao saiti kwa miaka, na wawili ambao tayari walikuwa wakitengeneza vitanda na meza. Hao wa vitanda ndio waliosumbuka zaidi mwanzoni, jambo ambalo sikulitarajia. Seremala wa fanicha huhangaika na maungio yasionekane na uso uwe laini. Kwenye fremu ya nyumba hakuna atakayeuona uso huo, utafunikwa wote. Kinachotakiwa ni nguzo isimame wima, pembe iwe mraba, na mzigo wa juu upate njia ya kushuka hadi kwenye msingi. Wenzetu wale walikuwa wakipiga msasa nguzo ambayo itazikwa ukutani, na fundi anawatazama tu.

Sehemu ya kwanza ya kozi hatukugusa msumeno wa umeme. Tulipewa tepu, penseli bapa, skwea ndogo ya pembetatu (kifaa cha kupigia mstari wa pembe mraba) na rundo la mbao chakavu, basi. Kunung'unika kulikuwa kwingi. Kijana mmoja akamwambia fundi wazi kwamba yeye amekuja kujifunza kukata.

"Kukata unajua, kijana," fundi akamjibu. "Usichojua ni wapi."

Hapo ndipo ada yangu ilipoanza kurudi. Kuna namna ya kuweka alama ambayo hujawahi kuifikiria mpaka uonyeshwe. Watu wengi huchora kijistari kimoja kifupi, na kijistari kikiinama huwezi kujua kipimo ni juu yake au chini yake. Tulifundishwa kuchora vijistari viwili vinavyokutana kama herufi V, ncha ikigusa kipimo chenyewe, kisha skwea inawekwa kwenye ncha na mstari unapigwa. Halafu upande wa kutupa unachorwachorwa ovyo ili macho yasikosee. Meno ya msumeno wa mviringo yanakula kama moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3 hivi. Mtu akipitisha meno katikati ya mstari, kila kipande kinatoka kifupi kidogo, na ukutani vipande ni vingi. Kwa hiyo mstari unabaki kwenye kipande unachokitaka, vumbi linatoka upande wa kutupa.

Ukuta wenyewe unaanza chini, sakafuni, mbao mbili zikiwa zimelazwa bega kwa bega: ya chini, itakayokanyaga sakafu, na ya juu, itakayokaa vichwani mwa nguzo. Zinabanwa pamoja na kuchorwa kwa mpigo mmoja wa skwea, ili alama ya chini na ya juu zisiachane. Kando ya kila mstari unaandika X upande ambao nguzo itakaa. Bila X, mtu mwingine akija na nyundo ataweka nguzo upande wowote, na atakuwa na haki.

Nguzo zinapangwa inchi 16 kati hadi kati. Wanaotumia vipimo vya metriki hupanga milimita 400 au 600, mantiki ni ile ile. Sasa, alama ya kwanza haiwekwi kwenye 16. Inawekwa kwenye 15 na robo. Mimi, na uhasibu wangu wote, nikauliza kwa nini.

"Pima unene wa nguzo, dada, halafu uniambie wewe."

Nikapima. Ubao unaoitwa 2 kwa 4, ukishakaushwa na kupigwa randa kiwandani, ni inchi 1 na nusu kwa inchi 3 na nusu, milimita 38 kwa 89. Nusu ya unene wake ni robo tatu ya inchi. Toa robo tatu kwenye 16 unapata 15 na robo: huo ni ukingo wa nguzo, na kitovu chake kinaangukia 16 kamili. Na kwa nini kitovu kiwe 16? Kwa sababu karatasi ya plaiwudi ina futi 4 kwa 8. Inchi 48 ni 16 mara tatu, inchi 96 ni 16 mara sita. Karatasi moja inapokoma, inakoma katikati ya nguzo, na karatasi inayofuata inapata robo tatu iliyobaki ya kupigilia misumari. Anayeanzia 16 kwa ukingo, karatasi yake ya kwanza inakomea ukingoni mwa nguzo bila pa kushikia, na kuanzia hapo kila karatasi inataka kukatwa. Hesabu za namna hiyo nilizipenda mno kwa sababu ukikosea huhitaji mkaguzi wa kukwambia, ubao wenyewe unakataa kukaa.

(Ukitazama tepu nyingi za maseremala utaona 16, 32, 48 zimewekewa rangi nyekundu. Na zile almasi nyeusi ambazo kila mtu anadhani ni mapambo? Ziko kila inchi 19.2. Ni futi 8 zilizogawanywa mara tano badala ya sita, kwa boriti za sakafu zinazoruhusiwa kutanuka zaidi. Nimeshika tepu maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniambia.)

Kitu kingine walichokifundisha vizuri ni kuuchungulia ubao. Unaushika ncha moja, unaielekeza nyingine sakafuni, unafumba jicho moja na kuutazama ukingo wake kwa urefu. Mbao nyingi zina mgongo, upinde mdogo kwenye ukingo mwembamba. Unachora mshale kuelekea mgongo huo. Kwenye boriti za sakafu mgongo unaelekezwa juu, uzito ukija unaunyoosha. Kwenye ukuta migongo yote inatazama upande mmoja, la sivyo ukuta unakuwa na mawimbi. Ubao uliojisokota kama kamba hauna upande mzuri. Huo unakatwa vipande vifupi au unarudishwa kwenye rundo. Fundi alitueleza pia kwamba mti unasinyaa kwa upana, karibu hausinyai kwa urefu, ndiyo maana nyumba ya mbao mbichi hulegea pale boriti na mbao za juu na chini zilipolala, si pale nguzo zilipo.

Mlango na dirisha ndipo darasa lilipogawanyika. Tobo linaachwa kubwa kuliko mlango, kwa kawaida inchi 2 zaidi kwa upana, ili fremu ya mlango ipate nafasi ya kunyooshwa kwa vipande vyembamba vya mbao. Juu ya tobo kuna lenta, boriti fupi inayobeba mzigo wa juu. Lenta inakaa juu ya nguzo mbili fupi za kubeba, na pembeni ya hizo kuna nguzo ndefu mbili zinazokwenda mpaka juu. Sasa piga hesabu: mlango wa inchi 32, tobo inchi 34, nguzo mbili za kubeba zenye inchi 1 na nusu kila moja, lenta inakuwa inchi 37. Waliokata lenta ya inchi 34 walipata lenta inayoingia vizuri kabisa mahali ambapo haibebwi na kitu, imening'inia kwa misumari tu. Fundi hakuwakemea. Aliwaambia wapande juu yake. Hakuna aliyepanda.

Na unene wa lenta nao ulinifurahisha. Mbao mbili za inchi 1 na nusu, katikati unabana plaiwudi ya nusu inchi: jumla inchi 3 na nusu, sawa sawa na upana wa nguzo. Pande zote mbili za ukuta zinakuwa uso mmoja.

Siku ambayo nadhani kila mwanagenzi wa kundi letu anaikumbuka ni ile ya kuusukuma ukuta. Tulikuwa tumepigilia fremu nzima, nguzo zote wima, misumari ya inchi 3 na nusu miwili kila kichwa. Kabla ya kuinua tulipima pembe kwa pembe, mshazari mmoja na mwingine. Vipimo viwili vikilingana, ukuta ni mraba. Visipolingana unagonga kwa nyundo kona ya mshazari mrefu, taratibu, unapima tena. Tukagonga, vikalingana, tukainua, tukaufunga sakafuni. Ukawa unapendeza. Fundi akamwita mwenzetu mdogo kuliko wote kwa umbo, akamwambia asukume kichwa cha ukuta kuelekea pembeni, kwa urefu wake, kwa mkono mmoja. Ukuta ukalala upande kama fremu ya picha iliyolegea gundi. Ukarudi. Ukalala tena. Nguzo zile zote, misumari ile yote, hakuna kilichozuia, kwa sababu mstatili wa vijiti hauna uwezo wa kujizuia usilale.

Kisha tukapigilia plaiwudi upande mmoja. Misumari kila inchi 6 kwenye kingo, kila inchi 12 kwenye nguzo za katikati. Akaitwa yule yule asukume. Hakuna. Akaongezwa mwenzake, wakasukuma wote wawili kwa bega. Hakuna. Ile sauti ya kutikisika ilikuwa imekwisha. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini misumari ya plaiwudi inahesabiwa, au kwa nini jengo la mbao halimaliziwi kuezekwa wakati kuta bado hazijafungwa kwa mbao za mshazari au karatasi.

Vipindi vya nadharia vilikuwa vifupi, ila kimoja kilikuwa cha thamani. Fremu hizi za mbao nyembamba zinahusishwa sana na mji wa Chicago, Marekani, miaka ya 1830, wakati misumari ya kiwandani ilipokuwa imeshuka bei na vinu vya kupasulia mbao vikawa vingi. Kabla ya hapo nyumba ya mbao ilitaka maboriti mazito na fundi wa kuchonga ulimi na tundu kwa patasi. Mtindo wa kwanza ulikuwa wa nguzo ndefu zinazotoka msingini hadi paani, ghorofa mbili kwa mpigo mmoja. Tatizo lake ni moto: nafasi kati ya nguzo inakuwa bomba la moshi, moto ukianza chini unapanda mpaka darini bila kizuizi. Ndiyo maana sasa kila ghorofa hujengwa juu ya sakafu yake, kuta za chini zikikoma, sakafu ikalazwa, kuta za juu zikaanza upya. Sakafu hiyo inaziba njia ya moto, na inampa fundi mahali pa kusimama na kujengea ukuta unaofuata. Kipindi hicho kingekuwa kirefu mara mbili nisingelalamika.

Sasa malalamiko.

Vitini ni nakala ya nakala ya nakala. Sehemu za inchi hazisomeki: 5/8 na 3/8 zinafanana, na 1/16 ni doa. Kwa kazi ambayo yote ni vipimo, huku ni kumdhalilisha mwanafunzi. Tuliomba vichapwe upya, tukaahidiwa, tukamaliza kozi bado tukiahidiwa. Mimi nilinakili jedwali kwa mkono kutoka kwenye nakala ya fundi mwenyewe, na wenzangu wakapiga picha daftari langu. Ukarani haukupotea bure.

Misumeno ni michache kwa wanafunzi waliopo. Ukiwa kundi la watu sita na msumeno mmoja, wawili wenye vifua ndio hukata, wanne hushikilia mbao. Fundi akiwa karibu zamu zinafuatwa. Akienda upande wa pili wa karakana zinakufa. Wasichana tulikuwa watatu darasa zima, na kwa kipindi fulani sote tulikuwa "wazuri wa kushika tepu". Mpaka mmoja wetu alipobandika orodha ya zamu ukutani ndipo mambo yakakaa sawa. Orodha hiyo ingepaswa kubandikwa na chuo.

Na paa. Paa lilikuja mwishoni, wakati mitihani inabisha hodi. Kombamoyo (ubao wa mteremko unaobeba paa) la mfano alilikata fundi mwenyewe, sisi tukatazama, kisha tukalitumia kama kielelezo cha kuchorea mengine. Kuchora kwa kielelezo ndivyo inavyofanyika kweli saiti, sikatai. Lakini mtu wa kwanza lazima ajue kukitengeneza hicho kielelezo. Hesabu yake ingewezekana kabisa kufundishwa. Paa likipanda inchi 6 kwa kila futi moja ya ulalo, yaani umbali unaopimwa kwa usawa, kombamoyo linahitaji inchi 13.42 kwa kila futi hiyo. Ni kanuni ya pembetatu mraba tuliyoisoma shuleni, 6 na 12 zikitoa mzizi wa 180. Kwa ulalo wa futi 10 kombamoyo ni inchi 134 na kidogo, halafu unaondoa nusu ya unene wa ubao wa mgongo wa paa, ikipimwa kwa ulalo. Nayo namba ya inchi kwa futi imechongwa kwenye jedwali la skwea kubwa ya chuma! Skwea hizo zilikuwa zimetundikwa ukutani pale pale, tumezitazama muda wote wa kozi, na hakuna aliyetuonyesha kulisoma jedwali. Pengo la kombamoyo kukalia ukuta tuliambiwa kwa sentensi moja lisile zaidi ya theluthi ya kina cha ubao. Paa lenye pembe nne tulichorewa ubaoni tukaambiwa ni la ngazi ya pili.

Jibu la chuo nalifahamu: siku hizi kenchi nyingi (fremu za pembetatu za kubebea paa) zinakuja zimeshaunganishwa kiwandani, kazi yako ni kuzisimamisha na kuzifunga, na kutokukata wala kutoboa kiungo chake hata kimoja. Ni kweli. Lakini anayeajiriwa kwenye ukarabati atakutana na makombamoyo ya mikono ya watu, tena yaliyooza ncha, na huko hakuna kiwanda cha kukusaidia.

Usalama niliupa nne na nitautetea. Kabla ya msumeno kuwashwa, kina cha meno kinawekwa kiasi cha kupita chini ya ubao kama robo inchi, si zaidi. Kipande kinachokatwa kinaachwa kianguke chenyewe. Ukikiegemeza ncha zote mbili kinabana meno, na msumeno unaruka nyuma kumfuata aliyeushika. Miwani na vizibo vya masikio kwa kila mtu, hata anayepita. Glavu hazivaliwi karibu na kinachozunguka. Bunduki ya misumari tuliipata mwisho kabisa, baada ya kupigilia ukuta mzima kwa nyundo, na ilikuwa ile ambayo kila msumari unataka ncha igandamizwe kwanza ndipo kidole kivute, si ile inayofyatua kila inapogusa kitu. Wenzangu waliona inawachelewesha. Mimi niliona vidole vyote vya darasa vimebaki na wenyewe. Nyota moja niliinyima kwa sababu ya vumbi: feni ya kunyonya ilikuwa mbovu, na barakoa ulitakiwa ujinunulie.

Kama umetoka kwenye fanicha, nenda, ila uwe tayari kuacha msasa nyumbani. Kama umekuwa kibarua saiti na unajua kupigilia, nenda hasa kwa ajili ya ile sehemu ya penseli unayodhani huihitaji. Kama lengo lako ni paa, usijiandikishe hapa kabla hujauliza maswali mawili: kila mwanafunzi anakata kombamoyo lake mwenyewe kutoka kwenye hesabu, au anatazama? Na msumeno mmoja ni wa watu wangapi? Waombe pia wakuonyeshe kitini, ukifungue ukurasa wenye vipimo, ujaribu kuusoma.

Ngazi hazimo kabisa kwenye kozi hii, ijapokuwa tangazo lao lina picha ya ngazi. Ninalolijua kuhusu ngazi nililipata wakati wa mapumziko, nilipomuuliza fundi: vidato vyote vilingane kimo, na ule ubao wa kubeba vidato unakatwa chini kiasi cha unene wa ubao wa kukanyagia, la sivyo kidato cha kwanza kinakuwa kirefu na cha mwisho kifupi. Alinichorea juu ya kipande cha plaiwudi. Ngazi ya pili ya kozi inaanza muhula ujao na nimeshaandika jina, kwa sharti nililowaambia ofisini: skwea kubwa ishushwe ukutani.